Anayefundishwa Naye Aulizwe

Mgonjwa anapofikishwa hospitali hana muda wala nguvu za kumwuliza daktari alisomea wapi, alifundishwa na nani, na chuo chake kilikaguliwa lini. Hujilaza kitandani akiamini kwamba wako watu waliokwisha kuuliza maswali hayo kwa niaba yake. Imani hiyo ndiyo msingi wa jambo liitwalo ithibati, yaani uthibitisho unaotolewa na chombo chenye mamlaka kwamba chuo fulani kina walimu, vifaa na mpango wa masomo unaofaa kumtoa daktari awezaye kukabidhiwa uhai wa binadamu. Ithibati ikitolewa ovyo, wa kwanza kuumia ni mgonjwa huyo, naye hatajua kamwe ni nani aliyemwumiza.

Kwa sababu hiyo, swali la nani aulizwe kabla ya chuo cha udaktari kupewa ithibati si swali dogo la kuachiwa makarani wa vyuo. Kwa mazoea huulizwa mkuu wa chuo, huulizwa wakuu wa idara, na hukaguliwa majengo, maabara na vitabu vya hesabu. Hayo yote ni ya lazima. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kwa muda mrefu alisahauliwa, naye ndiye anayeamka alfajiri kwenda wodini, anayekaa darasani miaka yote, na ambaye mwishowe atapewa cheti. Mtu huyo ni mwanafunzi.

Mfano wa nchi iliyoamua kumwuliza mwanafunzi kwa utaratibu uliopangika ni Marekani. Huko vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari, ambavyo sasa ni zaidi ya 150, hukaguliwa na kamati ijulikanayo kwa herufi LCME. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1942 kwa makubaliano ya Chama cha Madaktari cha Marekani na umoja wa vyuo vya udaktari vya nchi hiyo. Chuo kilichopata ithibati kamili hukaguliwa tena baada ya miaka minane. Maandalizi ya ukaguzi huanza mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya wakaguzi kufika. Katika kipindi hicho chuo hujichunguza chenyewe, hukusanya takwimu, na kuandika taarifa nene kuhusu kila kipengele cha kazi yake.

Pamoja na taarifa hiyo ya chuo, hupelekwa taarifa ya pili inayoandikwa na wanafunzi peke yao. Wanafunzi huunda kamati yao, yenye wajumbe kutoka miaka yote ya masomo. Kamati huandaa dodoso na kulipeleka kwa kila mwanafunzi, hukusanya majibu bila kutaja majina, huyapanga kwa hesabu, na kuandika yaliyoonekana: mazuri yaliyopo, kasoro zilizopo, na yale yanayotakiwa kurekebishwa. Uongozi wa chuo unaruhusiwa kusaidia kwa vifaa na kwa utaalamu wa takwimu. Hauruhusiwi kuishika kalamu. Taarifa hufika kwa wakaguzi kama wanafunzi walivyoiandika, nao wakaguzi wakifika chuoni huonana na wanafunzi na kuwauliza zaidi juu ya yale waliyoyasoma.

Maswali yenyewe si ya kubahatisha. Huulizwa iwapo wakuu wa chuo wanafikika na wanasikiliza. Huulizwa iwapo vyumba vya kujisomea vinatosha, na iwapo mwanafunzi wa zamu ya usiku ana mahali salama pa kuegesha mgongo. Huulizwa iwapo masomo ya mwaka wa kwanza yanamwandaa mwanafunzi kwa kazi ya wodini. Huulizwa kuhusu ushauri juu ya madeni, kwa maana masomo ya udaktari katika nchi hiyo humwacha kijana na deni kubwa. Huulizwa kuhusu matokeo ya mitihani, kwa kuwa kanuni za LCME zinataka alama za mwisho za kila somo zitolewe katika muda usiozidi wiki sita. Na huulizwa jambo ambalo wakubwa wengi wasingependa liulizwe: je, mwanafunzi amewahi kudharauliwa, kutukanwa au kuonewa na wale wanaomfundisha, na kama ndiyo, alijua pa kupeleka malalamiko yake bila ya kuogopa?

Ili kuuelewa uzito wa utaratibu huu, yafaa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na vyuo vingi vya udaktari ambavyo vilikuwa biashara za watu binafsi. Baadhi vilimpokea mtu yeyote mwenye ada, vilimfundisha kwa mihadhara mitupu bila maabara wala wagonjwa, na kumtoa akiitwa daktari. Shirika la Carnegie lilimtuma Abraham Flexner, mwalimu wa shule kutoka Louisville katika jimbo la Kentucky ambaye hakuwa daktari, akavikague vyuo hivyo. Alivitembelea vyuo 155 vya Marekani na Kanada, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1910. Ilikuwa taarifa kali isiyoficha neno. Katika muda wa miaka michache karibu nusu ya vyuo hivyo vilifungwa au kuunganishwa na vingine, na elimu ya udaktari ikasimama juu ya maabara, hospitali ya kufundishia na walimu wa kudumu.

Hapana shaka kwamba kazi hiyo iliokoa watu wengi kutoka mikononi mwa matapeli. Lakini ina upande wa pili ambao haufai kupitwa kimya. Flexner alichunguza mambo matano: masharti ya kuingia chuoni, walimu, fedha, maabara, na nafasi ya kujifunza hospitalini. Maoni ya wanafunzi, na ya watu ambao wanafunzi hao wangekwenda kuwatibu, hayakuwa miongoni mwa mambo hayo matano. Wakati huo vilikuwapo vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani weusi. Yeye alipendekeza viwili tu viendelezwe, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville, na alimwona daktari mweusi kama mtu wa kufundishwa zaidi mambo ya usafi na kinga kwa watu wa rangi yake. Vile vitano vingine vilifungwa katika miaka iliyofuata. Mlango wa udaktari kwa kijana mweusi ukawa mwembamba kwa miongo mingi, na jamii zilizokuwa zikiwategemea madaktari hao zikakosa mahali pa kukimbilia. Mwaka 2020 umoja wa vyuo vya udaktari vya Marekani uliliondoa jina la Flexner kwenye tuzo yake kubwa kwa sababu ya mawazo hayo ya ubaguzi.

Hakuna awezaye kudai kwamba kama wanafunzi wangaliulizwa, vyuo vyote vitano vingalipona. Huenda baadhi vilistahili kufungwa. Jambo lililo wazi ni kwamba mkaguzi, hata awe hodari na mkweli namna gani, huingia chuoni na macho aliyozaliwa nayo pamoja na miwani aliyovishwa na jamii yake. Asipopata mtu wa ndani wa kumwambia habari za ndani, atayaona yale aliyokwisha kuyaamini kabla ya kufika.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkaguzi hukaa chuoni siku mbili au tatu. Ataonyeshwa orodha ya darubini, lakini mwanafunzi ndiye ajuaye ni ngapi zinazofanya kazi. Ataonyeshwa ratiba yenye jina la profesa mashuhuri, lakini mwanafunzi ndiye ajuaye kama profesa huyo huingia darasani mwenyewe au humtuma msaidizi wake muhula mzima. Ataambiwa hospitali ya kufundishia ina vitanda mia kadhaa, lakini mwanafunzi ndiye ajuaye ni wenzake wangapi wanaozunguka kitanda kimoja, huku walio nyuma wakisikia sauti ya mwalimu bila kumwona mgonjwa.

Liko jambo moja katika hayo ambalo uzito wake unazidi yote. Daktari hafanywi na vitabu peke yake. Ni lazima mwalimu asimame kando, amwangalie mwanafunzi akimhoji mgonjwa, akimpapasa tumbo, akisikiliza moyo na mapafu, kisha amwambie pale alipokosea. Kanuni za ithibati za Marekani zinataka mwanafunzi aangaliwe hivyo kwa macho. Sasa, fomu ya kuthibitisha kwamba jambo hilo limefanyika inaweza kutiwa sahihi na mwalimu mwenye haraka katika dakika moja, kwa wanafunzi kumi kwa mpigo, na faili likaonekana safi kabisa. Ni mwanafunzi peke yake awezaye kusema: hakuna mtu aliyeniangalia. Mwanafunzi asiyeangaliwa hufuzu na kosa lake, hulipeleka wilayani, na kulirudia kwa kila mgonjwa kwa miaka thelathini akidhani ndivyo ipasavyo.

Kadhalika suala la mwanafunzi kutukanwa wodini si suala la vijana laini wasiotaka kukaripiwa. Kazi ya udaktari ina ukali wake, na mwalimu mkali aghalabu ndiye akumbukwaye kwa shukrani. Lakini uko ukali unaofundisha na uko ukali unaonyamazisha. Mwanafunzi aliyefedheheshwa mbele ya wagonjwa na wauguzi kwa kuuliza swali, hatauliza tena. Anayeogopa kuuliza kipimo cha dawa leo, kesho atakikisia. Hapo hasara si ya mwanafunzi, ni ya mtoto aliyelazwa kwa homa kali na mama yake ameketi pembeni.

Wako wanaopinga mwanafunzi kupewa sauti ya namna hii, na hoja zao zastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza husema kwamba mwanafunzi si mwamuzi wa haki: aliyefeli atamchongea mwalimu, na mvivu atadai mitihani irahisishwe. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Dawa yake ni wingi na utaratibu. Chuki ya mtu mmoja humezwa na majibu ya mamia ya wenzake. Ndiyo maana wakaguzi hutaka kujua ni sehemu gani ya wanafunzi wote waliojibu dodoso, kwani taarifa iliyojibiwa na wachache haina uzito. Zaidi ya hayo, taarifa ya wanafunzi haitoi hukumu. Ni ushahidi mmoja unaowekwa mezani pamoja na ushahidi mwingine. Mwanafunzi anajua sana kile anachopewa, lakini hajui vizuri kile ambacho angestahili kupewa. Hilo la pili ni kazi ya wataalamu. Ndiyo sababu huulizwa wanafunzi wa miaka yote, ili aliye wodini aseme kama yale aliyofundishwa mwaka wa kwanza yamemfaa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wapinzani wenyewe huitaja mara chache. Mwanafunzi ana maslahi katika jina la chuo chake. Chuo kikinyang'anywa ithibati, shahada yake hupungua thamani, na katika Marekani njia ya kupata leseni ya udaktari hufungwa au hujaa miiba. Kwa hiyo hatari kubwa si mwanafunzi kusema uongo dhidi ya chuo. Hatari kubwa ni mwanafunzi kunyamaza kwa ajili ya chuo. Kiongozi wa chuo asiye na haya aweza kuwanong'oneza vijana kwamba wakisema kweli watakuwa wanajikatia tawi walilokalia.

Hoja hiyo hujibiwa na jinsi ithibati yenyewe inavyofanya kazi. Wanafunzi huanza uchunguzi wao mapema, muda mrefu kabla ya wakaguzi kufika, na chuo hupata kuyajua matokeo. Kasoro iliyosemwa mapema hupata nafasi ya kurekebishwa mapema. Na hata ukaguzi ukikuta kasoro nyingi, chuo hakifungwi kesho yake. Hupewa onyo, au huwekwa chini ya uangalizi kwa muda maalumu huku kikiendelea kufundisha na shahada zake zikiendelea kutambuliwa. Mwaka 2015 chuo cha udaktari cha McGill kilichoko Montreal nchini Kanada, kimojawapo cha vyuo vikongwe na vyenye sifa kubwa katika bara hilo, kiliwekwa chini ya uangalizi wa namna hiyo. Kilijirekebisha, na mwaka 2017 kikaondolewa katika hali hiyo. Sifa yake haikuzikwa. Mficha maradhi kifo humwumbua, na ajabu ingekuwa kubwa ikiwa methali hiyo wangeisahau wale ambao kazi yao ni kuyatafuta maradhi.

Kwa Tanzania habari hizi si za kusoma na kuziacha. Chuo cha udaktari kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1968, na mwaka 2007 Muhimbili ikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Leo madaktari wanafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma na kwingineko, katika vyuo vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ndiyo yenye dhamana ya ithibati, na mabaraza ya madaktari ya nchi za Afrika Mashariki hufanya ukaguzi wa pamoja wa vyuo vya udaktari, ili daktari aliyefunzwa nchi moja aaminiwe katika nchi nyingine. Kadiri vyuo na wanafunzi wanavyozidi kuongezeka, ndivyo haja ya kusikia habari za ndani inavyozidi kuwa kubwa.

Wala wazo la kumshirikisha mwanafunzi si geni kwa walimu wa nchi hii. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao, ili wajifunze kubeba matokeo ya maamuzi yao. Ikiwa mtoto wa shule alihesabiwa kuwa na akili ya kutosha kuamua habari za mahindi, itakuwa vigumu kueleza kwa nini mtu mzima wa miaka ishirini na mitano, ambaye mwakani ataandika dawa za wananchi, asiulizwe kwa utaratibu kama amefundishwa ipasavyo kuziandika.

Ziko fomu ambazo wanafunzi wa vyuo vikuu huzijaza mwishoni mwa muhula kuwapima wahadhiri. Hizo ni nzuri, lakini si kitu kimoja na taarifa huru ya wanafunzi. Fomu humpima mhadhiri mmoja na kubaki ndani ya chuo. Taarifa hukipima chuo kizima na kwenda kwa mkaguzi wa nje. Kukutana na wanafunzi wachache waliochaguliwa na uongozi wakati wa ukaguzi nako hakutoshi, kwa maana kila mtu anajua ni wanafunzi wa aina gani watakaochaguliwa.

Kinachofaa ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni. Kwanza, kila chuo cha udaktari kinapokaribia kukaguliwa, wanafunzi wa miaka yote waulizwe kwa dodoso lisilo na majina. Pili, taarifa iandikwe na wanafunzi wenyewe na ipelekwe kwa wakaguzi moja kwa moja, bila ya kupitishwa kwenye meza ya mtu wa kuipunguza makali. Tatu, iwe marufuku kumwadhibu mwanafunzi kwa kushiriki, na adhabu iwe kwa atakayejaribu kumtafuta aliyesema. Nne, chuo kiwajibu wanafunzi kwa maandishi, kasoro kwa kasoro: hili limerekebishwa, hili litarekebishwa tarehe fulani, hili haliwezekani kwa sababu hizi. Hilo la nne ndilo ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ndilo hutofautisha kusikiliza na kujifanya unasikiliza. Mwanafunzi aliyeulizwa mara mbili asijibiwe, mara ya tatu hatajaza dodoso. Na hapo wakubwa watasema wanafunzi hawana la kusema.

Wanafunzi nao wana wajibu wao. Haki hii haiendi pamoja na vikaratasi vya matusi vinavyobandikwa ukutani usiku. Mwenye kusema maabara haifai, aseme ni siku ngapi ilifungwa na ni vipindi vingapi vilivyopotea. Mwenye kusema mwalimu haonekani, ahesabu. Kujifunza kukusanya ushahidi, kuupima na kuuandika bila chuki ni sehemu ya kazi ya udaktari wenyewe, kwa hiyo anayeifanya vizuri kazi hii hajapoteza muda wa masomo.

Kwa watumishi wa serikali ambao mafaili ya ithibati hupita mezani mwao, na kwa walimu wa ngazi zote, jambo la kufanya liko karibu. Faili la chuo likija likiwa na sahihi za wakubwa watupu, lirudishwe na swali moja dogo lililoandikwa pembeni: wanafunzi wanasemaje? Swali hilo likiulizwa mara nyingi vya kutosha, vyuo vitaanza kuja na jibu kabla ya kuulizwa, na yule mgonjwa aliyelala kitandani wilayani, asiyejua daktari wake alisomea wapi, atakuwa na sababu ya kweli ya kumwamini.